Gari Linalala Wapi

Chicago, 4 Machi 1996

Shangazi Ernestine,

Kabla hujakaa kitako na kushika kifua: siumwi, sijafungwa, na sitaki pesa. Ningekupigia simu, lakini simu yako uliikata mwenyewe, ukasema wauza mazulia wamekuchosha. Kwa hiyo pokea mwandiko wangu mbaya.

Nataka kuazima kitu ambacho hakitapungua hata nikikitumia. Anwani yako.

Unakumbuka ile ajali ya msimu wa baridi mwaka juzi, gari lilipoteleza kwenye barafu nikaligonga gari la yule mama nje ya duka la samaki. Hakuumia, lakini bima yangu ilikuwa imekwisha, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshakamatwa mara mbili kwa mwendo wa kasi. Leseni ikachukuliwa. Gari la yule mama nimelilipa lote. Sasa serikali iko tayari kunirudishia leseni kwa sharti moja: kampuni ya bima iwapelekee cheti, wanakiita SR-22, kinachosema nina bima. Bima hiyo isikatike kwa miaka mitatu. Ikikatika hata siku moja, kampuni inawajulisha, leseni inachukuliwa tena na miaka mitatu inaanza upya.

Nimezunguka ofisi zote za bima za Mtaa wa 79. Kampuni kubwa hazitaki hata kuniona. Zile zinazonikubali zimeniandika "dereva wa hatari", na bei zao ni za kutia kizunguzungu. Wakala mmoja, Bi. Quarles, anakaa nyuma ya kioo kinene kama cha benki. Alipoona ninapoishi alipiga hesabu, akanigeuzia karatasi. Bima ya mwezi inazidi kodi ya nyumba yangu. Nikamuuliza kama utani, je, ningekuwa nakaa huko kwako Pembroke? Akapiga tena. Nusu! Gari lile lile, mimi yule yule.

Kwetu hapa kila mtu ana shangazi wa shamba wa kuazima anwani. Jirani yangu Percival anaye wa huko Kankakee ambaye hata hajazaliwa. Angalau mimi wangu ni wa kweli.

Ni kwa ajili ya binti yangu Janae. Mama yake, Yolanda, ameolewa, wamehamia Ottawa, ule mji mdogo wa jimbo letu, na huko hakuna treni wala basi la maana. Hakimu amenipa Jumamosi zote, mradi nimfuate mwenyewe, nikiwa na leseni na bima. Nisipoweza, Jumamosi zimekwenda. Ana miaka minane, Shangazi. Mwaka jana wote nimemwona mara nne, na mara ya mwisho alinipa mkono kama anavyompa mchungaji.

Kazi yako ni moja tu: barua za bima zikija kwa jina langu, nitumie.

Wako,
Rodrick


Pembroke, 11 Machi 1996

Rodrick,

Unaandika "nataka kuazima", na bahasha ya bima yenye jina lako ilishafika hapa Jumanne. Barua yako ikafika Jumatano. Kwa hiyo hukuja kuomba, ulikuja kuniarifu. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Alichukua baiskeli yangu kwanza, ruhusa akaja kuiomba magurudumu yakiwa yameshapinda.

Sipendi jambo hili. Mimi ndiye ninayesimama mlangoni kanisani na glavu nyeupe, nawaonyesha watu pa kukaa, na miongoni mwao wamo wanaonijua tangu nasomea chumba kimoja na wadogo zao. Sitaki kuwa na kitu cha kuficha mbele yao.

Lakini yule mtoto kukupa mkono kama mchungaji, hapo umenipata. Niliisoma mara mbili nikaacha sukuma wiki iungue jikoni.

Basi bahasha nitazituma. Sijasema ndiyo, nimesema bahasha nitazituma. Sanduku langu liko barabarani, na toka mlangoni hadi huko ni mchanga mtupu, kwa hiyo nikienda siendi bure. Kila bahasha ya bima nitaifunga pamoja na barua yangu, na wewe utanijibu kabla hujaitupa kwenye droo. Mume wangu Otis alipokufa ulisema utaniandikia kila mwezi. Hiyo ni miaka sita sasa. Bima imefanya ambacho msiba haukufanya.

Na uendeshe polepole.

Shangazi yako,
Ernestine


Chicago, 2 Aprili 1996

Shangazi,

Nakujibu hata kabla sijala. Leseni ninayo! Nimeiweka kwenye pochi mahali palipokuwa na picha yangu ya shule, na kila nikitoka kiwandani asubuhi na unga wa mkate kwenye nyusi, naifungua kuitazama.

Jumamosi ya kwanza nilifika Ottawa mapema mno, nikakaa ndani ya gari nje ya nyumba yao mpaka mume wa Yolanda akaniletea kahawa. Ni mtu mwema, na hilo linaudhi kidogo. Janae alikaa kiti cha nyuma, mkanda umemkaba shingo, akasoma kwa sauti karatasi ya bima aliyoikuta kwenye mfuko wa mlango. "Baba, wewe ni hatari?" Nikamwambia ni kompyuta tu inayosema hivyo. Akafikiri. "Basi nenda polepole ili kompyuta ione." Shangazi, nimeendesha mwendo ambao trekta lilitupita, na yule mkulima akatupungia mkono.

Kwenye kuagana hakunipa mkono. Alinikumbatia kiunoni, akaniachia alama ya peremende kwenye shati. Sijalifua.

Asante kwa anwani. Asante, asante.

Rodrick


Pembroke, 14 Mei 1996

Rodrick,

Bahasha yako hii hapa. Ni nene, sijui wanaandika nini chote hicho kumwambia mtu alipe.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka kampuni ya bima. Ana tai, na viatu vya ngozi ambavyo mchanga wetu ulivimaliza. Alipofika kizingitini alikuwa anavivua na kuvimwaga mchanga kama vikombe vya maji. Nilimpa maji, nikampa pai ya pichi, akala vipande viwili. Akauliza habari za gari. Nikamjibu, akaandika, akaenda zake. Amesema atapita tena Septemba, mkataba ukifanywa upya.

Bamia zimeota. Magoti yananisumbua siku hizi, kwa hiyo nikichelewa kutuma, usinung'unike.

Msalimie mtoto.

Ernestine


Chicago, 3 Juni 1996

Shangazi yangu mjanja!

Nimecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimeungua. Nimewasimulia kiwanda kizima: mwenye tai kaja na karatasi zake, kakutana na mama wa kanisa na pai ya pichi, karudi mjini kashiba na kaamini. Percival anauliza kama anaweza kukukodi. Anasema shangazi yake ambaye hajazaliwa hajui kuoka.

Jumamosi zinaenda vizuri kuliko nilivyoota. Janae amenifundisha kusuka nywele zake. Nimeshindwa, tukavaa kofia. Yolanda amekubali nikae naye siku mbili mwanzo wa Julai, kwa hiyo tutakuja huko Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimemwambia Janae utakuwa mlangoni na glavu nyeupe, mkono mmoja mgongoni kama askari wa ikulu, na kwamba ukinyoosha kidole hata mchungaji anakaa. Amejifunza namna ya kuingia, anafanya mazoezi kwenye mlango wa bafu.

Mjanja wewe!

Rodrick


Chicago, 9 Julai 1996

Shangazi,

Tumefika salama. Janae alilala njia nzima na mkate wako wa mahindi mkononi.

Sitaki kuzunguka. Kwa nini ulikuwa umekaa benchi la nyuma, na gauni la bluu, wakati wenzako wote wako mlangoni na nguo nyeupe? Ulipoulizwa ukasema magoti. Lakini Jumamosi jioni nilikuona ukipiga magoti kupalilia bamia na ukainuka bila kushika kitu. Na Dada Hattie anayewaongoza wahudumu alinitazama kama mtu anayetaka kuniuliza jambo, kisha akamsifia Janae viatu.

Janae ameuliza kama umefukuzwa. Nikamwambia hapana. Nimesema kweli?

Rodrick


Pembroke, 16 Julai 1996

Rodrick,

Hapana, sijafukuzwa. Nimejiondoa.

Yule kijana wa bima aliniuliza jambo moja tu. Hakuuliza unafanya kazi wapi wala una tabia gani. Aliuliza, "Mama, hili gari linalala wapi usiku?" Maji yangu yako mkononi mwake. Nikamwambia, "Linalala hapa, pale kando ya ule mwaloni." Nikanyoosha kidole mahali ambapo hapajasimama gari tangu Otis afe. Kijana hata hakwenda kutazama. Aliangalia mvi zangu, akaandika. Akasema, "Asante mama, watu kama nyinyi mnaturahisishia kazi."

Jumapili iliyofuata nilivaa glavu, nikafika mlangoni, nikanyoosha mkono kumwonyesha mama mmoja pa kukaa. Ni kidole kile kile, Rodrick. Nikaona siwezi. Nikamwambia Hattie ni magoti, na huo ukawa uongo wa pili. Ukiwa na mmoja inabidi uutafutie mwenzake.

Ulipoandika kwamba mmecheka kiwandani, niliiweka barua chini ya godoro ili nisiione mezani.

Sikulaumu wewe peke yako. Mdomo ni wangu. Lakini akirudi Septemba na kuuliza tena, sitasema lile neno. Nakwambia sasa, mapema, ili ujipange.

Nakupenda. Hilo halibadiliki.

Ernestine


Chicago, 20 Julai 1996

Shangazi,

Nijipange vipi? Niambie. Nipange nini na nini?

Ukimwambia gari halilali huko, bima inakatika siku ile ile. Bima ikikatika, serikali inajulishwa. Leseni inaondoka, miaka mitatu inaanza mwanzo, na hakimu anazifuta Jumamosi. Si Jumamosi moja, zote. Nitakuwa tena yule mtu anayepewa mkono.

Na nani ameanza huu uongo? Mimi naoka mkate ule ule unaoliwa mjini na vitongojini. Naendesha kwa adabu kuliko mchungaji wako. Lakini kwa sababu nalala mtaa huu na si ule, natozwa kama mwizi. Hao wa bima hawavui glavu zao, wanalala vizuri tu.

Wewe hujazaa, Shangazi, labda ndiyo maana kipimo chako kinaweka vipande viwili vya kitambaa upande huu na mtoto wangu upande ule, na kitambaa kinashinda.

R.


Pembroke, 27 Agosti 1996

Rodrick,

Mwezi umepita na zaidi. Bahasha yako ya Agosti nilikutumia bila barua, ndiyo mara ya kwanza. Sikuwa na la kusema ambalo ningeweza kulisoma tena kesho yake.

Ni kweli sijazaa. Lakini ulikuja kwangu kila kiangazi tangu ukiwa na meno mawili, na ulipougua surua ni mimi niliyekushika mikono usiku usijikune. Nilidhani hiyo inahesabiwa. Uliponiandikia vile nililia, sitakudanganya, halafu nikakasirika, halafu nikaanza kumfikiria Janae akifanya mazoezi ya kuingia kanisani kwenye mlango wa bafu.

Nimeamua. Kijana akija nitamwambia linalala hapa. Mwakani akija nitamwambia hivyo hivyo, mpaka miaka yako mitatu iishe. Mungu na mimi tutakuwa na mazungumzo marefu, na nina hakika atanisikiliza hata kama hatanisifu.

Ila siwezi kuwa na vyote viwili. Glavu nimezifunga humu ndani. Hattie hajui bado. Mpe Janae, awavishe wanasesere wake. Ni za pamba nzuri, Otis alininunulia.

Shangazi yako,
Ernestine


Chicago, 27 Agosti 1996

Shangazi,

Barua yangu ya mwisho ningeweza kuirudisha kutoka kwenye sanduku kwa waya, ningefanya. Ile sentensi ya kuzaa niliiandika nikijua itakuumiza wapi. Nisamehe. Wewe ndiye uliyelea nusu yangu iliyo nzuri.

Sikiliza kilichotokea. Mwanzo wa mwezi askari alitusimamisha, taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Akauliza ninakaa wapi. Nikasema Pembroke, kama karatasi inavyosema. Janae yuko nyuma. Askari alipoondoka akauliza, "Baba, mbona umesema kwa Shangazi?" Nikamwambia ni mambo ya bima, wakubwa tu ndio wanaoelewa.

Jumamosi ya katikati ya mwezi tukaenda duka la aiskrimu, na mama mmoja muuzaji, mchangamfu, akamuuliza Janae, "Baba yako anakaa wapi, mpenzi?" Janae akajibu, "Pembroke. Kuna mchanga mwingi." Hakupepesa macho, Shangazi. Akanitazama kuona kama amepatia. Alikuwa na uso wangu kabisa.

Jumatatu iliyofuata nikaenda kwa Bi. Quarles, nikamwambia kupitia kile kioo: gari halilali Pembroke, halijawahi kulala. Akaweka kalamu chini. "Kaka, mbona umeniambia?" Nikasema sijui. Akasema, "Nimeshasikia, siwezi kujifanya sijasikia. Mkataba unaisha mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo niletee anwani ya kweli, kwa bei yake. La sivyo unakatika, na serikali lazima wajue."

Bei yake siiwezi. Nimejaribu kuikata kila upande, haikatiki. Kwa hiyo leseni inaondoka, na Jumamosi nayo. Nimemwambia Janae mwenyewe, kwenye gari, Jumamosi iliyopita, kabla hajasikia kwa mama yake. Alilia kwanza. Kisha akauliza kama kutoka Ottawa hadi Chicago mtu anaweza kutembea.

Usimdanganye tena yule kijana. Akija mwambie ukweli, mimi nimeshausema. Vaa glavu zako.

Rodrick


Pembroke, 31 Agosti 1996

Rodrick,

Barua zetu zimepishana njiani. Sasa wewe una glavu zangu na mimi nina ukweli wako, na hakuna aliye na kitu anachokihitaji. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka paka akatoka nje.

Kisha nikakaa nikafikiri, na haya ndiyo niliyofikiri.

Kampuni ya bima haiulizi gari limezaliwa wapi wala mwenyewe anaoka mkate wapi. Inauliza linalala wapi. Basi lije lilale.

Chumba cha Otis kipo. Kitanda ni kizuri, dirisha moja halifungi mpaka ulipige ngumi. Hapa si mjini: gesi inaletwa kwa mtungi, maji ya kisima yana ladha ya msumari, na mvua ikinyesha utasukuma hilo gari lako kutoka kwenye mchanga huku ukisema maneno ambayo sitaki kuyasikia. Kazini kwako ni mbali, najua. Utachoka. Ottawa si mbali zaidi ya unavyokwenda sasa.

Usidhani nakuita kwa ajili ya bima tu. Kila mtu hapa ananisifia jinsi ninavyoweza kukaa peke yangu, na mimi naitikia. Sipendi, Rodrick. Jioni naacha redio ikizungumza chumba cha pili ili nisikie mtu anahama hama. Yale magoti ya uongo yatakuja kuwa ya kweli siku moja, na sanduku la barua halitasogea karibu.

Kama hutaki, sema hutaki. Ila usiseme huwezi kabla hujafikiri.

Ernestine


Chicago, 6 Septemba 1996

Shangazi,

Nataka.

Nimesema hivyo kwanza kwa sababu nilianza barua mara tatu nikieleza ugumu wa safari, na kila mara nilijiona kama mtu anayebisha hodi huku mlango uko wazi.

Nimekwenda kwa Bi. Quarles nikamweleza. Akauliza, "Safari hii ni kweli?" Nikamwambia mwenye nyumba ameshapewa notisi na kitanda kimeuzwa kwa Percival. Akapiga hesabu. Bei ni ile ile ya Pembroke. Nikamuuliza: nikiwa naendesha maili mbili kwenda kazini nilikuwa hatari, sasa nitakuwa naendesha sitini kwenda na sitini kurudi, usiku, ndio nimekuwa salama? Akasema, "Kaka, mimi sikutunga hivi vitabu vya bei, mimi nauza tu." Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu tujuane, akapitisha peremende chini ya kioo kwa ajili ya Janae.

Percival anasema nimemsaliti. Anasema shangazi wa shamba ni wa kuandika kwenye karatasi, si wa kwenda kuishi naye.

Nitakuja tarehe kumi na tano, na virago vyangu ni vichache. Glavu ninazo. Janae hakuwavisha wanasesere. Alizijaribu mwenyewe mbele ya kioo, vidole vikaning'inia, akazivua akasema, "Hizi si za kuchezea." Tumezifua kwa mkono na kuzikausha kwenye taulo kama ulivyonifundisha kufanya na sweta.

Andaa ngumi ya dirisha.

Rodrick


Pembroke, 30 Septemba 1996

Rodrick,

Umelala chumbani kwa Otis, unakoroma hata sufuria zinasikia. Nakuandikia kwa sababu tulikubaliana: bahasha ya bima haitoki mikononi mwangu bila barua. Imefika leo, hii hapa, nimeitegemeza kwenye kikombe chako cha kahawa. Haina stempu yangu safari hii.

Yule kijana amekuja asubuhi, wewe hujamaliza saa moja kitandani. Kavaa viatu vya mpira, amejifunza. Nikampa maji. Pai haikuwepo kwa sababu kuna mtu siku hizi anaimaliza usiku akidhani sijui.

Akafungua karatasi zake akasema, "Mama, bado linalala pale pale?"

Nikamwambia, "Keti kwanza. Mara ya kwanza nilikudanganya." Nikamweleza, kwa ufupi, bila kulia na bila kujisifu. Alikuwa amesimamisha kalamu hewani. Nilidhani ataifunga ile kazi aondoke. Niliogopa, Rodrick, kuliko siku ya mazishi ya Otis. Niliwaza: nimemharibia mtoto Jumamosi zake kwa sababu ya kinywa changu, tena.

Akasema, "Ofisini wanajua, mwenye gari aliwaambia mwenyewe mwezi uliopita. Imeandikwa hapa. Nilitaka tu kuona kama na wewe utaniambia." Kisha akauliza lile swali lake, kwa heshima, kama ndiyo kwanza anafika: "Gari linalala wapi?"

Nilinyoosha kidole.

Lilikuwa pale kando ya mwaloni, limejaa mchanga mpaka kwenye vioo, na kiatu kimoja cha Janae juu ya boneti tangu Jumamosi. Safari hii alikwenda kutazama. Aliligusa hata, sijui kwa nini. Akaandika, akarudi kunishika mkono, akaenda zake.

Hattie nimemwambia pia. Alisema alijua si magoti, kwa sababu mwenye magoti mabovu hapandi ngazi ya jukwaa kupanga maua. Amenifokea, kisha akaniuliza nguo nyeupe kama bado inanitosha.

Jumapili hii ni ya kwanza ya mwezi, na Yolanda amekubali Janae alale hapa Jumamosi. Nyosha shati lako. Usiingie kanisani kabla yangu, na usitafute mahali pa kukaa mwenyewe. Mtasimama mlangoni, wewe na yeye, kama watu wengine wote, mpaka niwaonyeshe.

Shangazi yako,
Ernestine